Tope la Mtoni Limetoka Shamba la Nani?

Somo letu la leo limeanzia kwenye ubishi. Tulikuwa tumekaa chini ya mwembe na wanakisomo wa vijiji viwili, wengine wa juu mlimani, wengine wa bondeni karibu na Mto Ngerengere. Mvua ilikuwa imekatika siku tatu, lakini mto ulikuwa bado na rangi ya chai ya maziwa. Mzee mmoja wa bondeni akaunyoshea kidole, akasema, "Mnaona? Hayo ndiyo mashamba ya watu wa mlimani yanapita. Wao wanalima ovyo, sisi tunakunywa tope."

Mama mmoja wa mlimani hakungoja zamu yake. "Baba, shamba langu lipo. Njoo ulione. Kama ndilo hilo linapita hapo, mimi leo asubuhi nimelima wapi?"

Watu walicheka sana. Kisha wakatugeukia sisi walimu, wakataka tuamue.

Hatukuweza kuamua siku ile, na sababu yake tunaisema wazi. Katika masomo yetu tumezoea kufundisha hivi: "Udongo unaosombwa shambani huingia mtoni, na mto huupeleka baharini." Sentensi hiyo ni fupi, inasomeka vizuri, hata anayeanza kusoma anaiweza. Lakini ina kosa ndani yake, na kosa hilo ndilo linalowagombanisha watu wa juu na watu wa chini. Leo tunalisahihisha.

SAFARI YA UDONGO

Mmomonyoko wa udongo una hatua tatu: udongo kung'oka, udongo kusafiri, na udongo kutua. Wengi wetu tunazijua mbili za kwanza. Hatua ya tatu tunaisahau.

Tone la mvua likianguka kwenye udongo ulio wazi hupiga kama nyundo ndogo. Chembe za udongo huruka. Maji yasiyowahi kuzama ardhini huteremka yakizibeba chembe hizo, kwanza kama utando mwembamba ambao hata huuoni, halafu katika vijifereji, halafu katika makorongo. Kadiri mteremko ulivyo mkali, ndivyo maji yanavyopata nguvu. Na Milima ya Uluguru mnaijua wenyewe. Kilele cha Kimhandu kinapita mita 2,600 juu ya bahari, na miteremko ya mashariki hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Yapo makonde ambayo mkulima akiangusha boga analifuata kwa jirani.

Lakini maji yanapopunguza mwendo hutua mzigo wake, kama mchukuzi aliyechoka. Hupunguza mwendo mteremko unapolala. Hupunguza mwendo yakikuta nyasi, migomba, ukingo wa shamba au kichaka. Hapo mchanga hutua kwanza, kwa kuwa ni mzito. Kwa hiyo udongo mwingi uliong'oka juu ya konde lako haufiki mtoni mwaka huo. Huishia chini ya konde, au kwenye shamba la jirani, au kwenye sehemu tambarare ya bonde. Huko unaweza kukaa mwaka mmoja, miaka kumi, au umri wa mtu mzima, ukingoja mvua nyingine kubwa.

Kile kinachofika mtoni na kubebwa na maji, vitabu hukiita mashapo. Sisi tutaendelea kusema tope. Basi liandikeni hili katika madaftari: udongo uliopotea shambani na tope lililoko mtoni ni vitu viwili, na kila kimoja kina kipimo chake.

KUPIMA SHAMBANI

Msituamini kwa maneno matupu. Chukueni misumari ya inchi sita. Igongeeni ardhini mpaka ibaki sentimita tano juu ya udongo. Msumari mmoja uwe juu ya konde, mmoja katikati, mmoja chini kabisa karibu na mpaka. Ukiweza kuweka mingi zaidi kila mahali ni bora, maana msumari mmoja unaweza kukudanganya: kuku akichakura pale, hesabu imeharibika. Fungeni kitambaa chekundu karibu ili watoto wasiing'oe na jembe lisiigonge. Mvua zikiisha, pimeni kwa rula.

Wanakisomo wetu walifanya hivyo masika iliyopita, na yule mama wa mlimani alikuwa mmoja wao. Misumari ya juu ilikuwa imesimama wazi kuliko walivyoiacha. Ya chini, karibu na migomba, hawakuiona kabisa. Mmoja akasema imeibiwa. Walipofukua kidogo kwa mkono wakaikuta imelala chini ya udongo mpya, laini, mweusi. "Kumbe ni wangu mwenyewe," akasema mama yule. "Umehama tu."

Ndiyo. Umehama, na kuhama huko ni hasara tosha. Sehemu ya juu ya konde imebaki na udongo mwekundu na mawe, mahindi yake ni ya njano na mafupi. Migomba ya chini imeneemeka. Lakini mtu aliyesimama mtoni na kuangalia maji tu hawezi kuiona hasara hiyo, maana mto haukuipata.

Tufanye hesabu. Ekari moja ni karibu mita za mraba 4,000. Milimita moja ya udongo ikiondoka kwenye ekari nzima, ni mita za ujazo 4. Kwa uzito ni tani 5 hivi. Milimita moja ni unene wa kucha tu! Hakuna mkulima anayeamka asubuhi akasema, "Leo shamba langu limeshuka kucha moja." Ndiyo maana mmomonyoko wa namna hii huchukua miaka mingi bila mtu kupiga kelele.

KUPIMA MTONI

Sasa twende mtoni na chupa nyeupe yenye mfuniko. Chota maji siku ya mafuriko, ukisimama mahali salama, kisha iweke chupa mezani bila kuitikisa. Mchanga utatua mara moja. Vumbi laini la udongo litatua baada ya saa kadhaa. Udongo wa mfinyanzi unaweza kuelea siku nyingi, na maji yakabaki na ukungu. Huo mfinyanzi ndio unaofika mbali. Ndio unaovuka mabonde na kuwafikia watu wa Dar es Salaam, ambao wamekuwa wakinywa maji ya Mto Ruvu tangu mitambo ya Ruvu Juu ilipojengwa mwaka 1959. Huko hulazimika kutiwa dawa ya kuugandisha, kama vile wengine wetu tunavyotumia shabu au mbegu za mlonge kwenye mtungi.

Tuseme umekausha tope la lita moja, ukapata gramu 5. Tuseme mto unapitisha lita 2,000 kwa sekunde. Hizo ni kilo 10 za udongo kila sekunde. Kwa saa moja ni kilo 36,000, yaani tani 36, malori matano ya tani saba na bado udongo unabaki. Kesho yake maji yakiwa meupe, mto huohuo utabeba kilo chache tu. Mito ya milimani ndivyo ilivyo: mzigo wa mwaka mzima hupita katika siku chache za mvua kubwa. Anayechota chupa yake siku ya jua peke yake atasema mto hauna tatizo.

Kazi kama hii ilifanywa kwenye Mto Morogoro, huu unaoshuka kutoka milimani na kupita mjini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Uppsala cha Sweden, mmoja wao akiwa Anders Rapp, walipima maji na tope la mto huo. Eneo linaloleta maji mpaka pale walipopimia lilikuwa kilometa za mraba 19 hivi. Walichapisha matokeo mwaka 1972. Kwa wastani, kila kilometa moja ya mraba ilikuwa ikitoa mtoni karibu mita za ujazo 260 za udongo kwa mwaka.

Ukizitandaza mita hizo 260 juu ya kilometa nzima ya mraba, unapata robo ya milimita. Robo ya kucha! Mtu anaweza kusema, basi hali si mbaya. Lakini huo ni wastani wa mto, na si hali ya konde la mtu. Ndani ya eneo lile kuna msitu ambao hautoi udongo karibu wowote, na kuna makonde yaliyo wazi ambayo hutoa mwingi. Na sehemu kubwa ya ule mwingi imetua njiani kabla ya kukifikia kituo cha kupimia. Ukiusikiliza mto peke yake, hutajua ni nani anaumia.

Watafiti hao walipima pia mabwawa ya Dodoma, na huko mambo yanaonekana wazi zaidi. Bwawa dogo la Imagi lilikuwa likipokea maji kutoka eneo la kilometa za mraba 1.5 tu. Kila kilometa ililetea bwawa karibu mita za ujazo 600 za udongo kwa mwaka. Bwawa la Ikowa lilipokea maji kutoka kilometa za mraba 640. Ungefikiri kila kilometa ingeleta kiasi kilekile. Wapi! Ilileta karibu 200. Je, watu wa Ikowa walikuwa wakulima hodari mara tatu? Hatudhani hivyo. Safari ilikuwa ndefu zaidi, na njiani udongo ulipata mahali pengi pa kupumzika.

TOPE LISILOTOKA KWENYE JEMBE

Tena siyo tope lote la mtoni limetoka mashambani. Wazee wa Mgeta wanaikumbuka tarehe 23 Februari 1970. Siku hiyo ilinyesha mvua ya karibu milimita 100 kwa muda wa saa tatu hivi. Milima ikaporomoka sehemu zaidi ya elfu moja. Watu walikufa, nyumba zikabomoka. Maporomoko mengi yalikuwa ya kina cha mita moja au moja na nusu tu, lakini yaligeuka uji wa tope, na uji huo ulikwenda moja kwa moja kwenye vijito. Hapo hakukuwa na kupumzika njiani. Mvua moja ilipeleka mtoni kile ambacho matone ya kawaida yangekichukua kwa miaka.

Waliokwenda kuyahesabu maporomoko yale waligundua jambo la kuzingatiwa. Karibu yote yalianzia mashambani na kwenye nyasi. Chini ya moja katika kila mia lilianzia penye miti ya msitu. Mizizi mirefu ilikuwa imeshikilia udongo kwenye mwamba kama uzi unavyoshika kiraka.

Mto wenyewe nao hula kingo zake. Pale mlipokata matete ili kupanda kabichi, ukingo humomonyoka na udongo huanguka majini bila kusafiri hata hatua moja. Kuna barabara za milimani, ambazo mifereji yake humwaga maji yote mahali pamoja. Kuna vijia vya miguu vinavyoshuka wima, ambavyo kila masika hugeuka vijito vyekundu. Kuna wachimba mchanga na wafyatua matofali. Kijia kinachoishia mtoni kinaweza kuchafua maji kuliko konde kubwa ambalo chini yake kuna migomba. Yule mzee wa bondeni tulipomwambia hivyo alinyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba tanuri la matofali la mwanawe liko hatua ishirini kutoka Ngerengere.

KWA NINI TUNALISISITIZA JAMBO HILI

Tunalisisitiza kwa sababu watu wa Uluguru wamewahi kuadhibiwa kwa hesabu isiyokamilika. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Penye udongo wa kina kifupi, kuchimba huko kulifukia udongo mzuri na kuleta juu udongo usio na rutuba. Mtu alitoa jasho, na mavuno yakapungua. Ubishi ukawa hasira, hasira ikawa ghasia. Mwezi wa Julai 1955 watu walikusanyika Matombo, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa. Kwa miaka mingi baadaye neno "matuta" peke yake lilitosha kumfukuza bwana shamba kijijini.

Huku nyuma wakulima wa Mgeta walikuwa na ngazi zao wenyewe, ndogondogo, za kukwangua majani na udongo na kuyapanga kwa mstari kukingama mteremko. Hazikamilifu, lakini zilitokana na jembe la mwenyewe.

Basi tukitaka kutenda haki, tutofautishe maswali mawili. La kwanza: shamba langu litanilisha mpaka lini? Jibu lake liko juu ya konde, kwenye ule msumari uliosimama wazi. Matandazo, kulima kwa kukingama mteremko, mistari ya majani ya tembo au guatemala, na matuta ya fanya juu penye udongo wa kutosha, yote hayo yanasaidia. Tunapendelea mistari ya majani kwa kuanzia. Wengi wanalima ardhi ya ukoo au ya kuazima, na kupanda mti wa kudumu juu ya ardhi hiyo kunaweza kuzua maneno ya nani mwenye mali. Majani hayazui maneno mengi, na mbuzi wanayala.

Swali la pili: maji ya watu wa chini yatakuwa safi lini? Jibu la hili liko zaidi karibu na mto: kingo, vijia, mifereji ya barabara, miteremko iliyo tayari kuporomoka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60. Kwa mkulima wa Mgeta ambaye bustani yake yote ya karoti na njegere iko ndani ya mita hizo 60, sheria hiyo ni sahani ya watoto. Tunaikubali sababu yake. Lakini tunaona anayemwondoa mtu huyo bila kumwonyesha pengine pa kulima anarudia makosa ya 1955.

Watu wa mjini wana haki ya kulalamika. Bwawa la Mindu, lililokamilika miaka ya 1980, ndilo linaloupa Mji wa Morogoro sehemu kubwa ya maji yake. Bwawa ni mtego: maji yakiingia hutulia, na tope hutua. Kila tani inayotua inachukua nafasi ya maji. Lakini haki ya kulalamika iende pamoja na wajibu wa kuchangia. Kuanzia mwaka 2006, mashirika ya CARE na WWF yalijaribu jambo hilo upande wa Kibungo, kwenye vyanzo vya Ruvu. DAWASCO, lililokuwa shirika la maji la Dar es Salaam, na kampuni ya Coca-Cola walichangia fedha, na wakulima wakalipwa kwa kuchimba matuta na kupanda miti. Huko anayekunywa alikuwa akimlipa anayelinda. Tunalipenda wazo hilo.

Ila anayelipa asitazamie mto kuwa mweupe mwaka unaofuata. Huko Marekani, jimbo la Wisconsin, kuna kijito kiitwacho Coon Creek. Wakulima waliliharibu bonde lake tangu miaka ya 1850, na kuanzia miaka ya 1930 wakafundishwa kulima kwa kukingama mteremko. Mmomonyoko mashambani ukapungua sana. Mtaalamu aitwaye Stanley Trimble alifanya hesabu ya udongo wa bonde lile, akaichapisha mwaka 1999. Aligundua kwamba tope lililotoka mwisho wa kijito halikubadilika sana miaka yote hiyo, wakati mmomonyoko ulipokuwa mkali na hata ulipopungua. Zamani udongo mwingi ulikuwa ukitua bondeni. Baadaye mto ukawa unakula akiba ileile ya zamani. Babu walilima vibaya, na wajukuu waliolima vizuri wakaendelea kuona maji ya tope.

Kwa hiyo yule mama na yule mzee wote walikuwa na haki kidogo. Udongo wa mama upo, umelala chini ya migomba. Tope la mzee nalo lipo, na pengine limo ndani yake udongo wa konde la bibi yake mama, ulioshuka zamani.

KAZI YA DARASA

Kabla ya mvua zijazo, kila kikundi kipige misumari yake na kuandika tarehe. Kisha mtembee kutoka konde moja la juu mpaka mtoni, mkifuata njia ambayo maji yangeifuata, na kuhesabu hatua. Andikeni kila mahali ambapo maji yangepumzika, na kila mahali ambapo yangekimbia. Je, vijia vingapi vinaingia mtoni moja kwa moja? Ni konde la nani ambalo chini yake hakuna hata mstari mmoja wa majani? Madaftari yaletwe kwa mwalimu wiki ya kwanza baada ya masika, na rula isisahauliwe.